Kuipita Nuru: Ni Kipi Hasa Kinachokatazwa?

Tarehe 23 Septemba 2011 ukumbi mkuu wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ulifurika. Mzungumzaji alikuwa Dario Autiero wa jaribio liitwalo OPERA, na alichokuja kukisema kilikuwa kimeshavuja magazetini. Chembe ndogo ziitwazo nyutrino zilirushwa kutoka CERN, zikapenya ardhini kilomita 730 hadi maabara iliyo chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia, na zikafika mapema kuliko ambavyo nuru ingefika. Zilitangulia kwa nanosekunde 60 hivi. Igawe sekunde moja mafungu bilioni, kisha chukua mafungu sitini. Ni muda mdogo mno, lakini ndani yake nuru hukata mita 18, na watafiti walikuwa wameupima umbali wote ule kwa uhakika wa sentimita 20. Vipimo vilizidi elfu kumi na tano, matunda ya miaka mitatu ya kazi.

Wanafizikia wengi hawakusadiki, wala hawakukataa kwa ukaidi au kwa kumwonea haya Einstein. Walikuwa na shahidi mwingine. Mwezi Februari 1987 nyota ililipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu ambayo watu wa kusini mwa dunia huiona kwa macho matupu, umbali wa miaka ya nuru 168,000 hivi. Vitambuzi vya Japani, Marekani na Umoja wa Kisovyeti vilinasa nyutrino kama dazeni mbili, na baada ya muda wa saa tatu hivi mwanga wa mlipuko nao ukafika. Nyutrino zilitangulia kwa sababu hutoka pale kiini cha nyota kinapoporomoka, ilhali nuru husubiri hadi wimbi la mlipuko litoboe kwenye uso wa nyota. Sasa piga hesabu. Kama nyutrino huipita nuru kwa kiwango kile cha OPERA, yaani sehemu 25 katika kila milioni, basi katika safari ya miaka 168,000 zingefika miaka minne kabla ya mwanga. Zilifika saa tatu kabla.

Waliotaka kuiokoa OPERA walisema kwamba nyutrino za CERN zilikuwa na nishati kubwa mara mamia, kwa hiyo huenda zina tabia yake. Siku chache tu baada ya mkutano ule, Andrew Cohen na Sheldon Glashow waliufunga mlango huo pia: nyutrino ya nishati ile, kama ingeipita nuru, ingekuwa inamwaga nishati yake njiani kwa kuzaa jozi za elektroni na pozitroni, na isingefika Italia ikiwa na nishati iliyopimwa.

Februari 2012 kosa likajulikana. Waya wa faiba uliokuwa ukileta majira kutoka kipokezi cha GPS haukukazwa vizuri kwenye kiungo chake, nao ukachelewesha saa kwa kiasi cha kutosha kuzifanya nyutrino zionekane zimewahi. Machi mwaka huohuo ICARUS, jaribio jirani katika maabara ileile, lilipima upya na kukuta hakuna kuwahi kokote. Autiero na msemaji wa kundi, Antonio Ereditato, wakajiuzulu. Naona walitendewa kwa ukali kupita kiasi, maana walikuwa wametangaza vipimo vyao wakiomba wenzao wawasaidie kutafuta kosa, na ndivyo ilivyokuwa. Mwezi Juni, mbele ya mkutano wa Kyoto, hesabu ile ikafutwa rasmi.

Kisa kile kiliwaacha wasomaji wengi na neno moja tu: hakuna kinachoipita nuru. Kwa maneno hayo sheria hiyo si kweli. Vitu vinavyoipita nuru vipo tele, vingine hata shuleni vinaweza kuonyeshwa. Kinachokatazwa ni kitu chembamba zaidi na kigumu zaidi, nacho ni sababu kutangulia nuru kwenda kuleta matokeo yake mahali pengine. Kila dai jipya la kuipita nuru linaweza kupimwa kwa swali moja. Je, kwa njia hiyo naweza kumjulisha mtu jambo asilolijua kabla nuru haijamfikia? Miaka zaidi ya mia moja sasa, jibu limekuwa hapana, hata pale ambapo kasi yenyewe imepimwa kuwa kubwa kuliko ya nuru.

Tuchukue mfano wa watu waliopangwa ufukweni kutoka Tanga hadi Mtwara, kila mmoja na tochi na saa iliyorekebishwa kwa usahihi mkubwa. Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 600, mwendo ambao nuru huumaliza kwa milisekunde mbili. Tuwaambie jana yake kila mmoja awashe wakati gani, ili mstari mzima uwake kwa zamu ndani ya milisekunde moja. Mtu aliye angani ataona mwanga ukikimbia kusini kwa kasi mara mbili ya nuru. Lakini aliyeko Mtwara hakupokea chochote kutoka Tanga. Kama wa Tanga angelala akasahau kuwasha, wa Mtwara angewasha vilevile. Mwendo ule ni mfuatano wa matukio yasiyosababishana. Ndivyo ilivyo pia kwa leza inayozungushwa kwa kifundo cha mkono ikielekezwa mwezini: doa lake linaweza kuuvuka uso wa mwezi kwa kasi kubwa kuliko ya nuru, na fotoni zote zinazolifanya zimetoka mkononi kwa kasi ya kawaida. Kivuli nacho hufanya hivyo.

Mbinguni mchezo huo una sura nyingine. Mwaka 1999 watafiti wanaotumia darubini ya Hubble waliripoti mafundo ya gesi katika galaksi ya M87 yanayoonekana kwenda kwa kasi hadi mara sita ya nuru. Martin Rees alikuwa ameshatabiri mwaka 1966 kwamba jambo kama hilo lingeonekana. Fundo linapotujia karibu moja kwa moja kwa kasi iliyo chini kidogo ya nuru, huwa linaifukuzia nuru yake lenyewe. Picha ya pili hutoka karibu zaidi nasi kuliko ya kwanza, kwa hiyo hufika mapema, nasi tukigawanya umbali kwa muda huo uliofupishwa tunapata kasi ya uongo.

Halafu kuna mipaka inayovunjwa kihalali. Ndani ya maji nuru hupunguza mwendo hadi kilomita 225,000 hivi kwa sekunde, na elektroni yenye nishati ya kutosha inaweza kuipita humo. Ikiipita, hutoa mwanga wa buluu ambao Pavel Cherenkov aliuchunguza mwaka 1934, na ndio unaong'aa kwenye madimbwi ya vinu vya nyuklia. Hewa nayo huipunguza nuru, ingawa kwa kiasi kidogo sana, na darubini za H.E.S.S. nchini Namibia hutumia mimweko ya namna hiyo, ya nanosekunde chache, kuchunguza miale ya gama kutoka angani. Mpaka unaozungumzwa na nadharia ni kasi ya nuru katika ombwe, mita 299,792,458 kwa sekunde kamili. Kamili kwa sababu tangu 1983 mita yenyewe hufafanuliwa kwa kasi hiyo.

Kubwa kuliko yote ni ulimwengu unaotanuka. Galaksi zilizo mbali zaidi ya miaka ya nuru bilioni 14 hivi zinaachana nasi kwa kasi inayozidi ya nuru, na baadhi yake tunaziona. Hapa hakuna sheria iliyokiukwa. Sheria inahusu kitu kinachopita kando ya kitu kingine mahali palepale, na hakuna galaksi hata moja inayoipita nuru iliyo jirani yake. Nafasi kati yetu ndiyo inayoongezeka, na huwezi kumtumia mtu barua kwa nafasi inayoongezeka.

Kwa nini basi kitu chenye masi kisiifikie kasi ya nuru? Jibu la vitabu vya shule ni nishati, na ni jibu zuri kwa kadiri linavyokwenda. Mwaka 1964 William Bertozzi wa MIT alirusha elektroni na kuzipima muda wa safari huku akiziongezea nishati kila mara. Nishati ilipanda kama ilivyotarajiwa. Kasi ilipanda mwanzoni, kisha ikagoma karibu na ile ya nuru. Katika mtambo wa CERN wenye mzingo wa kilomita 27, protoni zilizosukumwa hadi nishati ya elektronivolti trilioni 6.5 zimepungukiwa na mita 3 tu kwa sekunde kuifikia nuru. Mtambo uliokuwa kwenye handaki hilohilo hadi mwaka 2000 ulirusha elektroni, ambazo ni nyepesi zaidi, zikapungukiwa na milimita zisizofika nne kwa sekunde. Umeme wa kiasi cha mji mzima, na bado milimita.

Ila hoja ya nishati inazuia kuuvuka mpaka tu. Haimzuii aliyezaliwa ng'ambo yake. Mwaka 1962 Bilaniuk, Deshpande na Sudarshan walionyesha kwamba milinganyo ya Einstein haikatai chembe ambazo huenda kasi kuliko nuru tangu kuzaliwa hadi kufa, na mwaka 1967 Gerald Feinberg akazipa jina la takioni. Zingekuwa na tabia za ajabu: zikipoteza nishati huongeza kasi, na masi yake ikiwekwa kwenye hesabu inakuwa namba ya kufikirika, kipeo cha pili chake kikiwa hasi. Hakuna hata moja iliyopatikana. Kinachowafanya wanafizikia wazikwepe, hata hivyo, ni jambo zito kuliko ugeni huo, na hapa ndipo kiini cha swali lote kilipo.

Tuseme dada amebaki Dodoma na kaka yake ameondoka kwa chombo kinachokwenda asilimia 80 ya kasi ya nuru. Saa zao zilianzia sifuri siku ya kuagana, na wana kifaa kinachopeleka ujumbe papo hapo. Katika kasi hiyo, kwa vipimo vya kila mmoja, saa ya mwenzake inakwenda kwa asilimia 60 ya yake. Hilo ndilo tokeo la nadharia ya uhusianifu ya mwaka 1905, na limehakikiwa mara nyingi. Setilaiti za GPS hurekebishwa saa zake kwa kuzingatia nadharia hiyo. Dada anangoja saa kumi zipite, anatuma ujumbe. Kwa hesabu yake, wakati huo saa ya kaka inasoma sita. Kaka anaupokea kwenye sita na kujibu palepale. Lakini kwa hesabu ya kaka, yeye ametulia na dada ndiye anayekwenda, kwa hiyo saa yake ikisoma sita, ya Dodoma inasoma tatu na dakika 36. Jibu linamfikia dada saa sita na zaidi kabla hajaandika swali. Na kama jibu linasema asiandike, naye akatii?

Hakuna hila katika hesabu hiyo. Na kifaa hakihitaji kuwa cha papo hapo. Kasi yoyote inayozidi ya nuru inatosha, mradi wawili hao waachane kwa mwendo unaofaa. Richard Tolman alilidokeza tatizo hili mwaka 1917. Kwa ufupi, kuna mambo matatu tunayoyapenda: nadharia ya uhusianifu, sababu kutangulia tokeo, na ujumbe unaoipita nuru. Unaweza kushika mawili, la tatu linaanguka. Mimi naliacha la tatu bila kusita, maana mawili ya kwanza yanafanya kazi kila siku na hilo halijawahi kufanya kazi hata mara moja.

Majaribio ya kulitetea yamekuwa ya kuvutia, nisikatae. Miaka ya tisini Günter Nimtz wa Cologne alipitisha simfoni ya 40 ya Mozart kwenye kizuizi cha mawimbi mafupi ya redio akasema imevuka kwa kasi mara 4.7 ya nuru. Mwaka 2000 Lijun Wang na wenzake walipitisha mpigo wa leza katika mvuke wa sizi uliotayarishwa maalumu, na kilele cha mpigo kilitokea upande wa pili kabla kilele cha mpigo ulioingia hakijafika mlangoni. Vipimo hivyo ni vya kweli. Kosa liko kwenye tafsiri. Mpigo laini una mkia mrefu mbele ya kilele, na mkia huo umeshaingia kitambo. Mvuke unausoma na kukijenga upya kilele kutoka humo. Sommerfeld na Brillouin walikwishaonyesha mwaka 1914 kwamba ukingo wa mbele kabisa wa wimbi, pale ambapo hapakuwa na kitu kisha pakawa na kitu, hauwezi kuipita nuru ya ombwe katika chombo chochote kile. Na habari mpya imo katika ukingo huo, si katika kilele ambacho umbo lake limeshajulikana. Mwaka 2003 kundi la Daniel Gauthier wa Duke lilifanya jaribio la kutuma chaguo la ghafla, moja au sifuri, kupitia mvuke wa namna hiyo. Kilele kiliwahi. Chaguo halikuwahi.

Fizikia ya kwanta ndiyo iliyowatesa watu zaidi, Einstein mwenyewe akiwamo. Fotoni mbili zilizofungamana zikitenganishwa hata kilomita 1,200, kama China ilivyofanya mwaka 2017 kwa setilaiti yake Micius, vipimo vyake hulingana kwa namna ambayo haiwezi kuelezwa kwa mapatano ya awali tu. Watu wa tochi za pwani walipewa ratiba. John Bell alithibitisha mwaka 1964 kwamba fotoni hizi hazingeweza kuwa na ratiba kama hiyo iliyofichwa ndani yake, na majaribio ya John Clauser, Alain Aspect na Anton Zeilinger yaliyompa ushindi yalitunukiwa Nobeli ya 2022. Ni rahisi kusema hapo habari imeruka. Lakini kila upande, peke yake, huona mfululizo wa bahati nasibu usio na herufi hata moja. Ulinganifu huonekana pale tu pande mbili zinapopigiana simu na kulinganisha madaftari, na simu inakwenda kwa nuru.

Nick Herbert alidhani ameipata njia ya kukwepa. Akapendekeza fotoni inakiliwe nakala nyingi kabla ya kupimwa, ili siri ya chaguo la upande wa pili isomeke. Makala yake ilipelekwa kwa Asher Peres akaihakiki. Peres alijua ina kosa, akaidhinisha ichapishwe hata hivyo, kwa imani kwamba kulitafuta kosa lake kutazaa kitu. Kikazaliwa. Mwaka 1982 Wootters na Zurek, na kwa upande wake Dennis Dieks, walithibitisha kwamba hali ya kwanta isiyojulikana haiwezi kunakiliwa, na kanuni hiyo leo ni nguzo ya teknolojia ya kulinda siri za mawasiliano. Natamani wahariri wengi wangekuwa na ujasiri wa Peres.

Inabaki ndoto ya kuikunja nafasi yenyewe. Mwaka 1994 Miguel Alcubierre, mwanafizikia kutoka Mexico aliyekuwa Wales, aliandika suluhisho la milinganyo ya Einstein ambamo nafasi hunywea mbele ya chombo na kutanuka nyuma yake, chombo kikikaa kimetulia ndani ya povu. Kihesabu liko sawa. Kimaumbile linadai nishati hasi kwa wingi ambao hakuna anayejua pa kuipata. Ile ya tokeo la Casimir, kati ya bamba mbili za metali zilizokaribiana mno, inayojulikana tangu 1948, ni chembe isiyofaa kitu kwa kazi hiyo. Zaidi ya hapo, nahodha aliye ndani hawezi kuamuru ukingo wa mbele wa povu lake, kwa kuwa amri yake ingebidi iipite nuru. Vyombo vya habari hulifufua povu hili mara kwa mara kana kwamba limebakiza uhandisi tu.

Mpaka huu wa kasi umetupa faida ambayo watu wa pwani yetu waliishuhudia bila kuijua. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, lilirusha setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei, nayo ikapewa jina Uhuru. Ilipokielekea chanzo cha eksirei kiitwacho Cygnus X-1 ilikuta miale yake ikipanda na kushuka mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja haraka kuliko habari inavyoweza kukivuka, kwa hiyo eneo linalotoa miale ile halikuweza kuzidi sana kilomita laki moja, dogo kuliko jua kwa mbali, ingawa lilikuwa likimwaga nishati nyingi kuliko jua. Hesabu hiyo ilikuwa moja ya hatua za mwanzo kuelekea kukubali kwamba pale pana shimo jeusi.

Mpaka huohuo unaonekana kila siku kwenye mtandao. Nuru ndani ya kioo cha mkongo wa baharini huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Mkongo wa TEAMS uliotandikwa mwaka 2009 kutoka Fujairah hadi Mombasa, kilomita 5,000 hivi, hauwezi kupitisha neno kwa chini ya milisekunde 25, fundi awe hodari namna gani. Kati ya Chicago na masoko ya hisa ya New Jersey wafanyabiashara wamejenga minara ya mawimbi mafupi, kwa sababu hewani wimbi huwahi kuliko ndani ya kioo. Wanalipa fedha nyingi kupunguza milisekunde chache, na hakuna anayeuza kifaa cha takioni.

Kama ufa upo katika mpaka huu, wengi wanaoutafuta kwa dhati hawautafuti kwenye mitambo ya kasi. Wanauliza kama nafasi ina chembechembe ndogo mno ambazo zingeifanya nuru ya nishati kubwa iende kwa kasi tofauti kidogo na ile ya nishati ndogo. Tofauti ya aina hiyo ingehitaji safari ndefu ili ijikusanye, ndefu kiasi ambacho ulimwengu peke yake unaweza kukitoa. Mwaka 2009 darubini ya Fermi ilinasa mlipuko wa miale ya gama uliosafiri miaka zaidi ya bilioni saba. Fotoni yake yenye nishati kubwa kuliko zote, elektronivolti bilioni 31, iliingia ndani ya sekunde moja tangu mlipuko uanze. Agosti 2017 nyota mbili za nyutroni ziligongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130, na mawimbi ya mvutano na miale ya gama yakafika yakiachana kwa sekunde 1.7, pengo ambalo huenda ni la mlipuko wenyewe kuchelewa kuwaka. Kwa siku moja hiyo, nadharia kadhaa za mvutano zilizotaka kasi mbili tofauti zikafutwa ubaoni. Safu mpya ya darubini za Cherenkov inajengwa sasa La Palma na Chile, na kati ya kazi zilizoorodheshwa kwa ajili yake ni kurudia kipimo kile cha fotoni kwa nishati kubwa zaidi.